Nyundo ya Bibi Misitu

Ilinca Dunca alikuwa ameshavaa nguo za kanisani aliposikia msumeno wa mashine. Ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria, katikati ya Agosti. Kengele za kanisa la mbao zilikuwa zinalia kule chini, na kijiji kizima cha Valea Mierlei kilikuwa kinateremka na vikapu vya mikate ya kubarikiwa. Yeye naye alikuwa na kikapu chake: mkate juu, kitambaa cheupe alichotarizi marehemu mama yake, na chini kabisa, nyundo.

Nyundo hiyo haikuwa ya kupigilia misumari. Kichwa chake kilikuwa na muhuri wa chuma, na mti ambao shina lake halijagongwa muhuri huo haukuruhusiwa kukatwa. Kabla ya Pasaka watu walivunja mlango wa nyumba yake, wakapekua hadi ndani ya pipa la unga, wasichukue hata kijiko. Ilinca alijua walikuwa wanatafuta nini. Toka siku hiyo alitembea na nyundo kila mahali, dukani, malishoni, na sasa hata kwenye misa.

Alisimama langoni, akatega sikio. Msumeno ulinguruma, ukanyamaza, ukanguruma tena. Sauti ilitoka Gorunet, msitu wa mialoni ulio juu ya kijiji, miti iliyokuwepo kabla kijiji chenyewe hakijapata jina. Misonobari ya mlimani ilishakwisha. Miteremko ya juu ilikuwa imebaki mitupu, na kila mvua kubwa ikinyesha, tope liliingia mpaka kwenye mazizi ya watu. Sasa wezi wa magogo walikuwa wameshuka kwenye mialoni, ambayo watengeneza mapipa ya mvinyo wa nchi za mbali waliililia usiku na mchana. Na walikuwa wamechagua siku ambayo kila mtu yuko kanisani.

Bwana misitu aliyemtangulia Ilinca alihama baada ya kumkuta farasi wake zizini amekatwa mishipa ya miguu. Watu walidhani mwanamke hatadumu hata msimu mmoja. Alidumu, ila alijifunza kulala na shoka chini ya kitanda.

Hakwenda kanisani. Aliingia kwenye kigari chake kikuukuu akapanda mpaka kwenye msalaba wa kilimani, mahali simu iliposhika vizuri, akapiga polisi.

"Bibi misitu, leo ni sikukuu," alisema sajini. "Tuko huku kwenye monasteri tunaongoza magari ya mahujaji."

"Wanakata Gorunet sasa hivi. Nasikia kwa masikio yangu."

"Tutakuja."

"Lini?"

"Tukipata nafasi. Na wewe usiende peke yako, umesikia?"

Alisikia. Kisha akateremka kwa njia ya msituni, akafika kwenye kona ambapo barabara ni nyembamba, huku ukuta wa mwamba, huku genge na kijito chini yake. Hapo akakikingamisha kigari chake katikati ya njia, akazima, akashuka. Akakaza aproni yake ya mistari, akangoja.

Lori lilikuja taratibu, limejazwa magogo mpaka linalia. Lilipoona kigari, likapiga honi, likasimama. Dereva akafungua mlango, akaruka chini. Alikuwa Gore, mdogo wake wa tumbo moja.

"Dada! Siku kama ya leo, si ungekuwa kanisani?"

"Na wewe je? Viorica anajua uko huku?"

"Viorica anajua mumewe ana kazi."

"Magogo haya yana muhuri wa nani, Gore?"

Gore alijikuna shingo. "Mimi ni dereva. Napakiwa, naendesha."

"Nimekuuliza muhuri, sijakuuliza kazi."

"Usinianze, dada. Sogeza kigari chako nipite. Jioni nakuja kwako na chupa ya horinka, tunakunywa, unanitukana mpaka unachoka."

"Jioni mialoni hii itakuwa imeshavuka mpaka." Ilinca alizunguka nyuma ya lori. Vichwa vya magogo vilikuwa vibichi, vinanuka siki, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na alama. Gogo la chini kabisa lilikuwa na kovu jeusi upande mmoja. Akaweka kiganja juu yake. "Huu ni mwaloni wa radi. Tulipokuwa tunachunga kondoo ulikuwa unajikinga na mvua humu ndani, unalia."

"Nilikuwa mtoto."

"Ulikuwa mwoga."

Gore alicheka, akatazama pembeni. Kutoka kwenye kiti cha abiria aliteremka mtu wa pili, Pintea, mkata miti wa Leontin Ciceu, jitu lenye mabega kama mlango wa ghala na maneno machache. Alikuwa anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda. Hakusalimia.

"Mpigie simu bosi," Gore alimwambia.

"Nimeshampigia tulipokuwa juu, nilipokiona kigari kikishuka," alijibu Pintea. "Anakuja."

Leontin Ciceu alikuja kutoka upande wa kijijini, kwa pikapu yenye winchi ya kuvutia magogo mbele, akaiegesha chini ya kona. Alikuwa na shati jeupe la sikukuu na nywele zenye matone ya maji ya baraka. Kiwanda cha mbao kilikuwa chake, duka lilikuwa lake, na ndiye aliyesimamia ndoa ya Gore, akamshika bega madhabahuni. Nusu ya kijiji ilikula kwa mkono wake.

"Sikukuu njema, Bi Ilinca."

"Sikukuu njema."

"Kigari kimeharibika?"

"Kizima kabisa. Kinalinda."

Leontin alitabasamu. "Unajua mimi sipendi ugomvi. Una nyundo yako hapo kikapuni, kijiji kizima kinajua. Gonga magogo haya, useme ni miti iliyoangushwa na upepo, kila mtu aende nyumbani akale."

"Upepo upi? Huu hautikisi hata jani."

"Bi Ilinca."

"Polisi wanakuja, Leontin. Utawaambia wao habari za upepo."

Tabasamu lilimfutika. Aliangalia barabara, akaangalia saa, kisha akamgeukia Gore. "Panda. Kisukume kigari hicho."

Ilinca alikimbilia ndani ya kigari chake, akafunga mlango, akakumbatia kikapu. Gore alikuja dirishani. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Dada, toka."

"Sitoki."

"Toka, nakuomba. Mimi nina mke, nina watoto. Wewe unakufa kwa ajili ya kuni?"

"Haya, nisukume. Kamwambie Viorica leo umefanya kazi gani."

Gore alisimama pale kama aliyepigiliwa chini. Ni Leontin aliyemkonyeza Pintea. Pintea alitema ganda la mwisho, akavuta mlango mpaka kitasa kikakatika, akamwinua Ilinca na kikapu chake kama mtu anayetoa mtoto bafuni, akamweka kando ya mwamba.

"Samahani, mama," alisema kwa sauti ndogo.

Gore akapanda lori, likanguruma. Kigari kilisota, kikalia, kikaenda upande wa genge, kikapinduka na kutumbukia kijitoni kwa kishindo. Gore angesimama hapo ingekuwa imekwisha. Lakini gurudumu la mbele la lori lilikuwa limefuata kigari mpaka ukingoni, na ukingo, uliomwagiwa mvua ya wiki nzima, ukameguka. Lori likainama. Mnyororo uliofunga magogo ukakatika kwa mlio kama wa bunduki. Gore aliruka kutoka kwenye kiti cha dereva upande wa mlimani, na gogo la juu likaruka naye.

Ilinca alifika kwake wa kwanza. Gogo lilikuwa limelala juu ya mguu wake, chini ya goti, limeegemea mwamba, na magogo mengine mawili yalikuwa yameegemea hilo. Gore alikuwa anapiga mayowe. Damu ilikuwa inaingia kwenye udongo, si nyingi, ila haikuwa inasimama. Ilinca alivua aproni yake akaifunga juu ya goti, akakaza kwa kijiti kama alivyofundishwa kazini.

"Winchi!" alipiga kelele. "Leontin, leta winchi!"

Leontin alikuwa amesimama na mikono kiunoni, anatazama lori lake. Alikuja polepole, akachuchumaa karibu nao, akamtazama Gore. Gore alikuwa amenyamaza ghafla, macho yamefumba, midomo imekuwa ya kijivu.

"Amezimia," alisema Leontin. "Afadhali. Hasikii maumivu."

"Vuta gogo!"

"Nitavuta. Mimi nimekataa? Nasema tu tuanze na kazi yako, kisha tufanye yangu. Polisi wakikuta magogo hayana muhuri, mimi nimekwisha. Wakikuta yana muhuri, hii ni ajali ya barabarani, na kila mtu ana huruma na sisi."

Ilinca hakuelewa kwanza. Alimtazama usoni, akaelewa.

"Si uichukue mwenyewe?" alisema. "Nyundo ile pale. Ugonge."

"Nikiichukua mimi, utasema nimeiba. Ukigonga wewe, umegonga wewe. Ni kazi yako na jina lako."

"Leontin, ulisimama naye madhabahuni."

"Ndiyo maana nakwambia fanya haraka." Alinyoosha shingo kutazama barabara tena. "Mguu ni mguu tu. Anao mwingine. Lakini akiendelea kulala hapo, si mguu tena, ni kitu kingine."

Ilinca alijaribu kulisukuma gogo kwa bega. Halikutikisika hata kidogo. Alimtazama Pintea, Pintea akatazama chini. Alifikiria kukimbilia pikapu, lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Leontin, na Leontin alikuwa ameshaweka mkono juu ya mfuko huo. Kutoka bondeni kengele zilianza kulia tena. Watu walikuwa wanatoka kanisani, wanatakiana heri, wanamega mkate.

Kwa miaka yote hakuwahi kugonga mti ambao hakuuchagua mwenyewe. Walimletea zawadi, walimtumia vitisho, na mkono wake haukuwahi kuinuka. Alitoa mkate kikapuni, akauweka juu ya jiwe. Akatoa nyundo. Akaenda kwenye gogo la mwaloni wa radi na kugonga.

Muhuri ulikaa safi, kama kwenye siagi.

"Vizuri," alisema Leontin. "Na hilo."

Aligonga la pili. Machozi yalikuwa yanamzuia kuona, akagonga vidole vyake, akagonga tena. Alipoinua mkono mara ya tatu, alisikia Pintea anasema, "Inatosha."

"Nini?" Leontin aligeuka.

"Nipe ufunguo, bosi."

"Bado kuna magogo kibao."

"Mtu anakufa." Pintea hakupandisha sauti. Alimwendea Leontin, akatia mkono wake mkubwa mfukoni mwa shati lile jeupe kama anachukua kitu chake mwenyewe, akatoka na ufunguo. Leontin alimsukuma, akamtukania mama, akasema atahakikisha hapati kibarua bonde zima. Pintea alishapanda pikapu. Aliisogeza mpaka karibu na magogo, akavuta waya wa winchi, akaupitisha nyuma ya mwamba, akaufunga kwenye gogo kwa fundo la wakata miti. Winchi ililia. Waya ulikazika mpaka ukaanza kuimba. Gogo lilipanda kidogo, kidogo, na Ilinca akamshika mdogo wake makwapani na kumvuta kwa nguvu zake zote.

Polisi walifika wakamkuta Ilinca amemlaza Gore mapajani. Sajini alitazama lori, kijito, magogo.

"Ajali mbaya, sajini," Leontin alisema upesi, ameshachana nywele kwa vidole. "Barabara imemeguka. Mbao ni halali, muhuri huo hapo, bibi misitu mwenyewe kaugonga."

Sajini alimgeukia Ilinca. "Ni muhuri wako?"

Ingewezekana kunyamaza. Leontin alikuwa anamtazama kwa utulivu wa mtu aliyeshapiga hesabu zake zote. Akisema kweli, kazi yake imekwenda. Akinyamaza, wameshirikiana, na kesho ataletewa magogo mengine.

"Ni wangu," alisema. "Nimeugonga mimi, sasa hivi tu, kwa sababu alikataa kumtoa mdogo wangu chini ya gogo mpaka nigonge. Andika hivyo hivyo."

Leontin alicheka. "Masikini, amechanganyikiwa."

Pintea aliulizwa. Alisema yeye alikuwa anashughulika na winchi, hakusikia vizuri. Kisha akaondoka kwa miguu, msumeno begani. Kabla theluji ya kwanza haijaanguka alishakwenda Ujerumani kufanya vibarua, na hakuna aliyempata tena kwa simu.

Mguu wa Gore ulikatwa katika hospitali ya mjini. Ilinca alinyang'anywa nyundo wakati uchunguzi unaendelea, akaambiwa akae nyumbani. Duka lilikuwa la Leontin, na muuzaji akaanza kusema hakuna mkate hata pale mikate ilipokuwa inaonekana nyuma yake. Wenye watoto wanaofanya kazi kiwandani walivuka barabara wakimwona. Kubwa kuliko yote lilikuwa la Viorica, mke wa Gore, ambaye alimkuta Ilinca kwenye ukumbi wa hospitali amemletea Gore chungu cha supu.

"Wifi," alisema Viorica, "ungesogeza gari."

"Ningesogeza."

"Sasa ana mguu mmoja."

"Najua."

"Huna unalojua wewe." Akachukua supu, akaingia nayo, akafunga mlango.

Ilinca alipokuja, Gore aligeukia ukutani. Leontin alipokuja na zabibu na chokoleti za watoto, alimtazama tu. Kijiji kizima kilijua Leontin amemwahidi kazi ya kukaa getini kiwandani, kazi ya maisha, mradi aseme dada yake aligonga kwa hiari na wala hakulazimishwa na mtu. Na kwa kuwa Pintea alikuwa ameondoka, hapakuwa na mwingine wa kusema.

Walipoitwa mbele ya mwendesha mashtaka, mto ulikuwa umeganda. Ilinca alikuwa hajalala. Alimwona mdogo wake anaingia kwa magongo, amevaa koti la harusi yake, Leontin akimshikia mlango, na hakujua anakuja kusema nini. Gore alikaa. Hakumtazama yeyote.

Mwanasheria wa Leontin, kijana mpole, alimwita Gore kwa jina lake la kwenye vyeti. "Bwana Grigore, wewe ulikuwa umezimia, sivyo? Kwa hiyo huwezi kujua waliongea nini."

"Nani kasema nilizimia?"

"Mteja wangu alikuona umefumba macho."

"Nilifumba ili nisiuone mguu," alisema Gore. "Masikio hayafumbiki."

Leontin alikohoa.

"Nilisikia kila neno. Dada aliomba winchi. Bosi akasema gonga kwanza." Gore alivuta pumzi, na sasa alimtazama Leontin moja kwa moja. "Ulisema mguu ni mguu tu, ninao mwingine. Wewe, uliyenisimamia ndoa. Nimelala na neno hilo kila usiku, nikawa nasema labda sikusikia vizuri. Nilisikia vizuri." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na mimi ndiye niliyesukuma gari, hakunilazimisha mtu kwa bunduki. Hilo nalo liandikwe."

Kesi haikuisha siku hiyo. Ilikatiwa rufaa, ikakatiwa nyingine, na Leontin bado anapita kijijini na pikapu yake. Ila kiwanda kilifungwa kufuli, na wizara ikaleta tingatinga likaziba njia ya Gorunet kwa mawe makubwa. Mialoni iliyobaki juu ya kona ile bado imesimama. Iliyokatwa imekatwa, visiki vyake vimeshaanza kuota kuvu. Ilinca alirudishiwa nyundo pamoja na karipio kali, kwa sababu muhuri ni muhuri, hata ukigongwa kwa machozi. Hakubisha. Alisema angegonga tena, na kwamba wangemkaripia tena.

Nyumba ya Gore iko kando ya barabara kuu. Barafu ilipoyeyuka alijitengenezea benchi langoni, akawa anakaa hapo na magongo yake na simu. Kila lori la magogo likipita, anapiga namba ya dharura, anasoma namba ya gari, anauliza kama lina kibali.

Ilinca alipita hapo siku moja ya Mei, anatoka msituni, viatu vimejaa tope. Lori lilikuwa ndiyo kwanza linapita, na dereva alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Kiwete! Utakufa umekaa hapo!"

"Nitakufa nimekaa," Gore alimjibu kwa sauti ya kupasua anga, "wewe utakufa umefungwa!"

"Ana kibali huyo?" Ilinca aliuliza.

"Anacho."

"Sasa ulimpigia simu ya nini?"

"Ananiudhi."

"Gore, usiwasumbue watu wa polisi bure."

"Walikusubirisha wewe bure miaka yote, nao wasumbuke kidogo." Alisogea, akampa nafasi kwenye benchi. "Kaa. Kuna ugali na jibini la kondoo."

Ilinca alikaa kwa kusita, akatazama mlango wa nyumba. Viorica alikuwa amesimama kizingitini, anajifuta mikono. Waliangaliana. Toka siku ile ya supu hawakuwa wamesemezana. Viorica alirudi ndani, na Ilinca akaanza kuinuka aende zake, lakini Gore alimvuta sketi.

Viorica alitoka na sahani ya pili. Aliiweka mbele ya wifi yake, ugali umejaa, jibini juu.

"Kula kabla hakijapoa," alisema, akarudi jikoni.